Maswali ya Wasomaji: Laptopu ya Kuandikia PLC na Mianya Yake

Barua za safari hii zimetoka viwandani, kwenye mitambo ya maji na mashambani. Karibu zote zinagusa kifaa kimoja: kompyuta yenye programu ya kuandikia PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine. Majibu yametayarishwa na jopo letu la wahandisi.

Ndugu Mhariri, PLC zetu hazijaunganishwa na intaneti hata kidogo. Mkaguzi wa mifumo ameandika kwamba laptopu yetu ya STEP 7 (programu ya Siemens ya kuandikia PLC) ni hatari kubwa kuliko PLC zenyewe. Hatari hiyo inatoka wapi kama mtandao haupo?
*Fundi umeme, kiwanda cha vinywaji, Dar es Salaam*

Mkaguzi yuko sahihi, na msimshangae. PLC nyingi za zamani haziulizi anayetuma amri ni nani. Amri ikija kwa lugha ya programu ya uhandisi, inatekelezwa. Kwa hiyo anayeishika laptopu ameshika mtambo, hata kama kiwanda hakina waya mmoja unaotoka nje.

Ushahidi mkubwa ni kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa Juni 2010, ambacho kililenga mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa) za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kilisafiri kwa flashi kutoka Windows moja hadi nyingine kikitafuta kompyuta yenye STEP 7. Ndani ya STEP 7 kuna faili liitwalo s7otbxdx.dll. Mazungumzo yote kati ya programu na PLC hupita humo: kusoma bloku (vipande vya programu ya PLC), kuandika bloku, kuorodhesha bloku. Stuxnet ililipatia faili hilo jina jipya, s7otbxsx.dll, ikaweka la kwake pale pale. Tangu hapo mhandisi alipoagiza orodha ya bloku zilizomo ndani ya PLC, faili bandia lilizificha zile zilizopandikizwa, na skrini ikamwonyesha kila kitu kiko sawa. Kirusi kilijipandikiza pia ndani ya makabrasha ya miradi, kwa hiyo aliyenakili mradi alinakili na kirusi.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya kiwanda cha petrokemikali nchini Saudi Arabia. Wavamizi walifika kwenye kompyuta ya uhandisi ya mfumo wa usalama wa Triconex, wakatumia lugha ile ile ya TriStation ambayo mhandisi huitumia, na wakakuta swichi ya ufunguo ya kontrola (PLC ya mfumo huo) imeachwa kwenye PROGRAM, mahali panaporuhusu programu kubadilishwa. Kilichowafichua ni hitilafu katika kazi yao wenyewe: Agosti mwaka huo mfumo ulijizima kwa usalama, watu wakaanza kuuliza kwa nini.

Kwenu ninyi, anzeni hivi. Laptopu hiyo iwe ya kazi moja: hakuna barua pepe, hakuna muziki, hakuna kuperuzi. Fundi aingie kwa akaunti ya kawaida, ya msimamizi ibaki ya kusakinishia tu. Washeni AppLocker ya Windows iruhusu programu zilizoorodheshwa pekee. Flashi yoyote ipite kwanza kwenye kompyuta nyingine ya kukagulia.

Kisha chukueni alama za mafaili (hash, namba ndefu inayobadilika faili likiguswa) siku laptopu ikiwa mpya na safi. Fungua PowerShell ndani ya kabrasha ilikosakinishwa programu, uandike:

`Get-ChildItem -Recurse -Filter *.dll | Get-FileHash | Export-Csv D:\alama.csv`

Hifadhini orodha hiyo nje ya laptopu. Kila mwezi toeni orodha mpya na kulinganisha. DLL (faili la aina ya s7otbxdx.dll) iliyobadilika bila sasisho rasmi la mtengenezaji ni sababu ya kuichomoa laptopu siku hiyo hiyo. Mkisasisha programu, orodha ya zamani haifai tena. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaona tofauti mia mbili, wanadhani ni za sasisho, wanaacha kuangalia.

Mkandarasi wetu hututumia faili la mradi kwa barua pepe, mara nyingine kwa WhatsApp. Faili la mradi si programu ya kuendeshwa. Linaweza kudhuru vipi kabla sijalipakia kwenye PLC?
*Mhandisi wa matengenezo, Morogoro*

Linaweza kudhuru kwa kufunguliwa tu. Mafaili mengi ya miradi ni makabrasha yaliyobanwa, yenye XML na data za aina nyingi ndani yake. Programu ya uhandisi huyafumua na kuyasoma bila shaka yoyote, kwa kuwa ilitungwa enzi ambazo faili lilitoka kwa mwenzako wa meza ya pili. Makosa yanayojirudia ni matatu.

La kwanza ni njia ya kabrasha. Ndani ya kifurushi, faili linaweza kupewa jina lenye `..\..\..\` mwanzoni. Programu isipokagua, inaliandika nje ya kabrasha la mradi, kwa mfano kwenye kabrasha la Startup la Windows, nalo linajiendesha utakapoingia tena. ISaGRAF Workbench toleo la 6.0 hadi 6.6.9 lilikuwa na kasoro ya namna hii katika kusoma vifurushi vya .7z (namba yake katika orodha ya kimataifa ya mianya ni CVE-2022-2463). Maelezo yake yanasema jambo la kulizingatia: madhara yanalingana na haki za akaunti iliyofungua. Ukifungua kama msimamizi, umemkabidhi mvamizi kompyuta nzima.

La pili ni XML inayoita rasilimali za nje. Faili linaiambia programu isome faili jingine la kwenye kompyuta yako na kupeleka yaliyomo kwenye seva ya mbali. Connected Components Workbench ya Rockwell iliguswa na hili (CVE-2022-1018).

La tatu, na ndilo la kawaida kuliko yote, ni kumbukumbu kufurika pale programu inaposoma urefu wa data ulioghushiwa. Programu ya uhandisi inayozima ghafla kila ukifungua mradi mmoja maalumu, lakini haizimi kwa miradi mingine, usiichukulie kama ukorofi wa Windows.

Utaratibu wa kupokea mradi uwe huu. Mkandarasi atume faili kwa njia moja na alama yake ya SHA-256 kwa njia nyingine, kwa mfano akupigie simu na kukusomea tarakimu nane za mwanzo na nane za mwisho. Wewe andika `Get-FileHash .\Mradi.zap17` na ulinganishe. Hilo linathibitisha kwamba halikuguswa njiani. Halithibitishi kwamba laptopu ya mkandarasi ni safi. Kwa hiyo lifungue kwanza ndani ya kompyuta pepe (inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta halisi) yenye programu ile ile, kadi ya mtandao imekatwa, makabrasha ya pamoja na ubao wa kunakilia umezimwa, na umechukua picha ya hali yake kabla ya kufungua. Ndani ya kompyuta pepe hiyo, tumia kilinganishi cha programu kuona tofauti kati ya mradi mpya na ule wa akiba. Kama mkandarasi alisema amebadilisha kipima muda cha konveya, halafu bloku ya mawasiliano nayo inaonekana imeguswa, msipakie mpaka aeleze.

Nimesoma kwamba Studio 5000, programu ya Rockwell ya kuandikia PLC, ina mwanya wa alama 10 kati ya 10 za ukali. Tumeshapandisha toleo la programu mara mbili tangu hapo. Je, sasa tuko salama?
*Msimamizi wa mitambo, kiwanda cha saruji, Tanga*

Hapana, kupandisha toleo pekee hakuuzibi. Mwanya huo ni CVE-2021-22681, uliotangazwa Februari 2021. Unahusu RSLogix 5000 toleo la 16 hadi 20 na Studio 5000 Logix Designer kuanzia la 21. Programu hutumia ufunguo wa siri kuithibitishia kontrola kwamba anayezungumza ni programu halali ya Rockwell. Ufunguo huo haukufichwa vya kutosha. Aliyeupata anaweza kujifanya kituo cha uhandisi na kuzungumza na kontrola za Logix bila kuwa na Studio 5000 wala nywila yoyote. Kwa kuwa kasoro iko kwenye msingi wa kuaminiana, haizibwi kwa kiraka kimoja. Inazibwa kwa namna mnavyoiendesha kontrola.

Hatua ya kwanza haina gharama. Geuzeni swichi ya ufunguo ya kila kontrola iwe RUN, mwondoe ufunguo na kuuweka kwa msimamizi wa zamu, pamoja na daftari la kuutoa. Ikiwa RUN, programu haibadiliki kupitia mtandao. Ikiwa REM (kuongozwa kutoka mbali), inabadilika. Ugumu wake tunaujua: mhandisi anayetaka kusahihisha jambo usiku lazima aende hadi kwenye paneli, na ndiyo maana viwanda vingi huacha REM mwaka mzima. Ugumu huo ukubaliwe, maana huo ndio ulinzi wenyewe.

Fahamuni pia kile ambacho RUN haizuii. Thamani za tagi (majina ya data ndani ya kontrola) bado zinaandikika kutoka nje, la sivyo skrini za waendeshaji zisingefanya kazi. Piteni kwenye orodha ya tagi, na zile zisizohitaji kuandikwa na skrini zipewe External Access ya Read Only au None. Vikomo vya joto la tanuri ndivyo vya kuanzia.

Hatua ya pili ni CIP Security, ambayo hufanya kontrola na laptopu vitambuane kwa vyeti. Kwenye ControlLogix 5580 inawezekana kwa fimwea (programu ya ndani ya kifaa) ya 32 na kuendelea. Kwenye rafu za zamani mtahitaji moduli ya mawasiliano ya 1756-EN4TR. Wakati mnatafuta bajeti, faiawoli kati ya mtandao wa ofisi na wa kiwanda izuie poti ya TCP 44818, isipokuwa kutoka anwani moja ya kompyuta ya uhandisi.

Hatua ya tatu ni kujua kama mmeguswa. Katika sifa za kontrola, ukurasa wa Security, kuna Audit Value: namba ndefu inayobadilika kila programu au usanidi unapobadilishwa. Iandikeni kwenye daftari la zamu. Namba ikibadilika bila fomu ya mabadiliko, simamisheni maswali mengine yote mshughulikie hilo.

Tena msitegemee macho pekee kusoma ngazi (mchoro wa programu ya PLC) kwenye skrini. Machi 2022 ilitangazwa kasoro nyingine, CVE-2022-1161: kontrola za Logix huhifadhi maandishi ya programu mahali pamoja na msimbo unaoendeshwa mahali pengine, na kimoja kinaweza kubadilishwa bila kingine. Fundi anasoma ngazi nzuri, kontrola inaendesha mbaya. Dawa yake ni kuchukua mradi wa akiba kutoka kompyuta iliyo safi na kuulinganisha kwa kilinganishi na kilichomo ndani ya kontrola.

Pampu zetu zinaendeshwa na S7-1200, PLC ya Siemens. Tumeweka nywila kwenye PLC. Inatosha?
*Fundi wa mamlaka ya maji, Kanda ya Ziwa*

Inategemea fimwea. Familia ya S7-1200 na S7-1500 zilikuwa zikilinda data zake kwa ufunguo mmoja uliotumika kwenye vifaa vyote vya familia hiyo. Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba ufunguo huo unaweza kutolewa kutoka PLC moja, na ukishatoka unafaa kwa nyingine zote (CVE-2022-38465). Marekebisho yanataka vitu viwili kwa pamoja: fimwea ya S7-1200 iwe V4.5 au zaidi, au S7-1500 iwe V2.9.2 au zaidi, na mradi uwe kwenye TIA Portal (programu ya uhandisi ya Siemens) V17 au jipya zaidi.

Kosa linalotokea ni kusasisha fimwea na kuuacha mradi ukiwa na kifaa cha toleo la zamani. PLC inaendelea kufanya kazi kwa njia ya zamani na mwanya unabaki wazi. Kwenye mradi badilisheni toleo la kifaa, wekeni nywila ya kulinda data za siri za usanidi, chagueni mawasiliano salama pekee, halafu mpakie upya. Nywila hiyo iandikwe na kufungiwa kwenye kabati la chuma. Siku mtakapobadilisha PLC iliyoungua, mpya itaihitaji.

Aliyetujengea mtambo hapatikani tena na PLC imefungwa kwa nywila. Mtandaoni kuna watu wanauza programu ya kufungua nywila za PLC za kila aina kwa bei ndogo. Niinunue?
*Fundi mitambo, Thika*

Usiinunue, na usiijaribu hata ukipewa bure. Julai 2022 kampuni ya usalama ya Dragos ilichambua programu ya aina hiyo iliyodai kufungua nywila za DirectLogic 06 za AutomationDirect. Nywila ilipatikana kweli, kwa sababu programu ilitumia mwanya halisi uliokuwemo (CVE-2022-2003) ambao uliifanya PLC iitoe nywila. Lakini papo hapo ilisakinisha Sality. Kirusi hicho huzima kinga za kompyuta, huenea kwa flashi na makabrasha ya pamoja, na hubadilisha anwani za sarafu za kidijitali zinaponakiliwa. Mhandisi aliyekumbwa aliona CPU ya laptopu imepanda hadi asilimia 100 na Windows Defender ikipiga kelele. Programu za krak za STEP 7 na nyinginezo zisizo na leseni ziwekeni kwenye fungu hilo hilo. Ukiambiwa uzime antivirusi kabla ya kusakinisha, umeshaambiwa kila kitu.

Njia halali zipo. Mwandikieni mtengenezaji wa mashine mkitaja namba yake ya mfululizo, maana wengi huhifadhi nakala ya mradi. Akikosekana, jiandaeni kuandika programu upya. Chora waya kwa waya kila ingizo na kila tokeo. Pigeni video ya mzunguko mmoja kamili wa mashine huku taa za moduli zikionekana, mrekodi muda wa kila hatua kwa sekunde. Mashine ya wastani yenye maingizo 30 na matokeo 20 inaandikika upya na fundi mzuri. Programu mpya ikiwa tayari imejaribiwa mezani, ndipo mfute ya zamani: kwa S7-1200 hufanywa kwa kadi ya kumbukumbu tupu iliyowekwa aina ya Transfer. Kadi hiyo hufuta programu na nywila kwa pamoja, kwa hiyo msiiguse kabla ya mbadala kuwepo.

Mkataba unaofuata uandikwe kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka mradi wenye maelezo yote na nywila zake uwe mikononi mwenu.

Tunanunua PLC za mtumba kutoka nje. Nikiunganisha laptopu ili nisome programu iliyomo, kuna hatari?
*Muuza vifaa vya umeme, Mombasa*

Ipo. Agosti 2022 watafiti wa Claroty walionyesha kwamba PLC yenyewe inaweza kuandaliwa iishambulie laptopu inayoisoma. Walifanikiwa kwa programu za watengenezaji saba: Rockwell, Schneider, GE, B&R, Xinje, OVARRO na Emerson. Programu ya uhandisi huiamini data inayotoka kwenye PLC kama inavyoliamini faili la mradi, na makosa ya kufumua ni yale yale tuliyomweleza msomaji wa Morogoro.

Kwa kifaa cha mtumba, usianze na kusoma. Anza na kurejesha hali ya kiwandani kwa swichi au kwa kadi ya kumbukumbu, kabla ya kuunganisha waya wowote wa mtandao. Kisha pakia fimwea uliyoipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukitumia laptopu ya zamani isiyoingia kiwandani. Kama ni lazima uone programu iliyomo, fanya hivyo kwenye kompyuta pepe iliyotengwa, na uirudishe kwenye hali yake ya awali ukimaliza.

Mkaguzi wetu wa usalama ameona poti 22350 imefunguka kwenye kompyuta ya uhandisi. Ni ya nini?
*Mhandisi, Nairobi*

Ni CodeMeter ya Wibu-Systems, programu ya leseni inayosakinishwa kimyakimya pamoja na programu za watengenezaji wengi, zikiwemo baadhi za Siemens na Rockwell. Ndiyo maana wengi hawajui wanayo. Matoleo ya kabla ya 7.10 yana mwanya wa alama 10 (CVE-2020-14509), na hadi 7.60b yana mwingine wa kuendesha msimbo kutoka mbali (CVE-2023-3935). Angalia toleo kwenye orodha ya programu za Windows na upandishe hadi 7.60c au zaidi. Kama leseni iko kwenye kompyuta hiyo hiyo, zima huduma ya seva ya mtandao ndani ya mipangilio ya CodeMeter, na uifunge poti hiyo kwenye faiawoli ya Windows.

Shambani tuna kontrola ya Unitronics Vision kwenye pampu za umwagiliaji. Fundi aliifungulia njia kupitia ruta ya laini ya simu ili aiangalie akiwa nyumbani. Kuna ubaya?
*Mkulima, Arusha*

Ubaya upo, na ni wa kushughulikia wiki hii. Novemba 2023 wavamizi waliingia kwenye kontrola ya Unitronics ya mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, nchini Marekani, wakaandika ujumbe wao kwenye skrini, na wafanyakazi wakalazimika kuendesha pampu kwa mkono. Hawakuhitaji ufundi wowote mkubwa: vifaa hivyo vilikuwa wazi kwenye intaneti kupitia TCP 20256, na VisiLogic (programu ya kuviandikia) ya kabla ya 9.9.00 iliviacha na nywila ya kiwandani, 1111.

Mwambie fundi aondoe kwanza kanuni ya kupitisha poti kwenye ruta. Kisha apandishe VisiLogic hadi 9.9.00 au zaidi pamoja na fimwea ya kontrola, aweke nywila mpya, na ahifadhi nakala ya mradi kwenye flashi inayokaa kwako. Akihitaji kuingia kutoka mbali, ruta ya viwandani yenye VPN inatosha, iwashwe anapohitajika na kuzimwa anapomaliza. Baada ya hapo jaribuni kuifikia 20256 kwa anwani ya nje ya ruta mkitumia laini ya simu nyingine. Ikijibu, kuna kanuni ya pili imesahaulika kwenye ruta. Na mkikuta dalili kwamba mtu alishaingia, msifute kitu: pigeni picha skrini, hifadhini kumbukumbu za ruta, na mtoe taarifa TZ-CERT, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, au KE-CIRT/CC kwa walioko Kenya.